Benaya mwana wa Yehoyada: upanga uliosubiri amri

Mahubiri yanapomgusa Benaya mwana wa Yehoyada, mkuu wa walinzi wa mfalme Daudi, mara nyingi huanzia shimoni na kuishia humo humo, siku ile ya theluji aliposhuka akamkabili simba na kumwua. Kisa hicho kimo katika 2 Samweli 23, pamoja na kile cha Mmisri mwenye mkuki ambaye Benaya alimwendea akiwa na fimbo tu, akamnyang'anya mkuki na kumwua kwa silaha yake mwenyewe. Kitabu cha 1 Mambo ya Nyakati kinaongeza kwamba Mmisri huyo alikuwa na kimo cha dhiraa tano. Ni visa vitamu kusimulia, na simlaumu mhubiri anayevipenda. Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya Benaya halikuhitaji simba wala jitu. Lilitokea Yerusalemu, Daudi akiwa mzee sana, nguo alizofunikwa zikishindwa kumtia joto, na watu wazito wa ufalme wakiwa wameanza kujipanga nyuma ya mrithi kabla mwenye kiti hajafumba macho. Benaya hakujipanga nyuma ya mtu. Alingoja kauli ya mfalme aliyekuwa hai, na alipoisikia aliitekeleza siku ile ile.

Hoja yangu ni kwamba kungoja huko ndiko kulikompa Sulemani, mwana wa Daudi, kiti cha enzi. Pembe ya mafuta ya kuhani Sadoki ilikuwa na kazi yake, na maneno ya nabii Nathani yalikuwa na yake. Lakini mafuta na maneno yalihitaji barabara salama ya kupitia, na barabara hiyo ilikuwa mikononi mwa Benaya. Kumbukumbu ya vizazi imemsahau kwa namna ya kusikitisha. Uingereza, kila mfalme au malkia anapotawazwa, kwaya huimba maneno ya Sadoki kuhani na Nathani nabii waliomtia Sulemani mafuta, kwa muziki ambao Handel aliutunga mwaka 1727 na ambao ulisikika tena tarehe 6 Mei 2023. Biblia yenyewe, katika 1 Wafalme 1:38, inawataja Sadoki, Nathani, Benaya, Wakerethi na Wapelethi kwa pumzi moja. Kuhani na nabii wamebaki katika wimbo. Mlinzi na kikosi chake wameachwa nje.

Ili kuelewa uzito wa nafasi yake, lazima tukumbuke kwamba Israeli wakati ule haikuwa na desturi iliyokomaa ya kurithisha ufalme. Ilikuwa imepata wafalme wawili tu waliotambuliwa na makabila yote, Sauli na Daudi, na wa pili hakuwa mwana wa wa kwanza. Baada ya Sauli kufa mlimani Gilboa, mwanawe Ishboshethi alitawala miaka miwili kwa sababu moja tu: Abneri, jemadari wa jeshi la baba yake, alimchukua, akamvusha mpaka Mahanaimu na kumweka mfalme. Abneri alipouawa, maandiko yanasema mikono ya Ishboshethi ililegea, na haukupita muda naye akauawa kitandani mwake. Funzo hilo lilikuwa bado bichi katika kumbukumbu za watu wa Yerusalemu. Kila mwenye macho alijua kwamba, katika ufalme mchanga wa namna ile, mtu anayeshika jeshi ndiye anayeamua damu ya nani ni ya kifalme.

Adoniya, mwana mwingine wa Daudi, naye alilijua. Tumezoea kumsoma kama mlafi wa madaraka asiye na haki yoyote, na sidhani kama usomaji huo unamtendea uadilifu. Katika orodha ya wana waliozaliwa Hebroni yeye ni wa nne, baada ya Amnoni, Kileabu na Absalomu. Amnoni aliuawa na Absalomu, Absalomu akauawa na Yoabu katika msitu wa Efraimu, na Kileabu hatajwi tena popote baada ya orodha ile. Kwa hiyo Adoniya ndiye aliyeonekana kuwa mkubwa kati ya waliobaki, na Sulemani mwenyewe, katika hasira yake mbele ya mama yake, alikiri kwamba huyo ni kaka yake mkubwa. Adoniya alipojiwekea magari na wapanda farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake, alikuwa anatangaza jambo ambalo wengi walilitarajia. Kosa lake lilikuwa kwamba alilitangaza huku baba yake akiwa bado anapumua, na bila kumwuliza.

Waliomuunga mkono hawakuwa watu wa kubeza. Yoabu mwana wa Seruya, mpwa wa Daudi, alikuwa ameongoza majeshi yake tangu siku za Hebroni. Abiathari kuhani alikuwa na Daudi tangu siku za kujificha mapangoni, alipokuwa yeye peke yake aliyenusurika katika mauaji ya makuhani wa Nobu. Karamu ilifanyika kwenye jiwe la Zohelethi, karibu na Enrogeli, kusini mwa mji, mahali ambapo wengi leo wanapatambua kuwa ni pale Waarabu wanapopaita Bir Ayyub, yaani kisima cha Ayubu. Kondoo, ng'ombe na vinono vilichinjwa, wakaalikwa wana wote wa mfalme na watu wa Yuda waliokuwa watumishi wake. Msimulizi anataja kwa makusudi wale ambao hawakualikwa: Nathani nabii, Benaya, mashujaa, na Sulemani. Adoniya aliona hatari iko wapi, akaamua kuiacha mezani bila kiti. Angeweza kujaribu kumshawishi Benaya kama alivyomshawishi Yoabu. Kwamba hatusomi hata dalili ya jaribio hilo kunaonyesha kuwa msimamo wa mkuu wa walinzi ulikuwa unajulikana mjini kote.

Walinzi hao walikuwa nani? Katika orodha za maofisa wa Daudi, 2 Samweli 8 na 20, Yoabu ametajwa kuwa juu ya jeshi, na Benaya kuwa juu ya Wakerethi na Wapelethi. Wataalamu wengi wanawahusisha watu hawa na pwani ya Wafilisti, na jina la Wakerethi limehusishwa kwa muda mrefu na kisiwa cha Krete. Kwa maneno mengine, walikuwa askari wenye asili ya ugeni, wasio na ukoo wa kuupendelea Israeli wala kabila la kulibeba, ambao mkate wao na heshima yao vilitoka kwa mfalme moja kwa moja. Absalomu alipoasi na Daudi akatoka mjini akilia, miguu mitupu, hao ndio waliopita mbele yake kuelekea jangwani, wakati watu wa kabila lake mwenyewe walikuwa wamekwenda kumfuata mwanawe. Walikuwa wameshaonyesha kwamba mfalme akianguka wanaanguka naye.

Hapa ndipo tofauti ya kijeshi inapoamua mambo, nayo hupitwa kwa haraka mno na wanaoieleza sura hii. Jeshi la Yoabu lilikuwa jeshi la wito. Mambo ya Nyakati inaeleza mpango wa zamu kumi na mbili, kila zamu watu 24,000 kwa mwezi mmoja wa mwaka, na Benaya mwenyewe ameorodheshwa kuwa mkuu wa zamu ya mwezi wa tatu, mwanawe Amizabadi akiwa katika zamu hiyo. Hata kama mtu ataona kwamba hesabu hizo ni kubwa mno kwa nchi ndogo, utaratibu wenyewe unaeleweka: wengi wa wapiganaji walikuwa wakulima na wachungaji waliokuwa makwao mpaka tarumbeta ilipopigwa. Walinzi, kwa upande wao, walikuwa mjini usiku na mchana. Yoabu aliyekaa mezani Enrogeli alikuwa jemadari mwenye jina kubwa na askari walioko mbali. Benaya aliyekuwa karibu na chumba cha mfalme alikuwa na watu wachache zaidi, lakini walikuwa pale pale, na silaha mikononi. Mashindano ya urithi huamuliwa kwa saa chache, na kwa saa hizo chache Benaya alikuwa na nguvu kuliko Yoabu.

Mtu mwenye nguvu ya namna hiyo angeweza kuitumia mapema. Angeweza kushuka Enrogeli na kuitawanya karamu kwa upanga kabla mfalme hajasema neno. Angeweza pia kumtawaza Sulemani kwa hiari yake na kumjulisha mfalme baadaye. Angeweza, na hili limefanywa na wakuu wengi wa walinzi katika historia, kupandisha bei yake kwa pande zote mbili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kazi ya kumwamsha mfalme waliifanya Nathani na Bathsheba, mama yake Sulemani, kwa mpango uliotungwa vizuri: mama aingie kwanza, nabii aingie akiwa bado anazungumza, maneno yao yathibitishane. Walimkumbusha Daudi kiapo kwamba Sulemani ndiye atakayemrithi. Kiapo hicho hakikuandikwa mapema katika vitabu vya Samweli, na wachambuzi wamebishana kama mzee alikumbushwa au alishawishiwa. Mimi naona swali hilo, kwa upande wa Benaya, halina uzito wanaolipa. Yeye hakupewa habari ya kiapo na watu wa pembeni. Aliitwa ndani, pamoja na Sadoki na Nathani, akasikia kwa masikio yake mfalme akiagiza kwamba Sulemani apandishwe juu ya nyumbu wa mfalme, ateremshwe Gihoni, atiwe mafuta, tarumbeta ipigwe, kisha aketishwe kitini.

Katika chumba hicho alikuwamo kuhani na alikuwamo nabii, lakini aliyejibu ni askari. Benaya alisema Amina, akaomba kwamba Bwana, Mungu wa mfalme, naye aseme hivyo hivyo. Kwamba kama alivyokuwa pamoja na Daudi awe pamoja na Sulemani, na akikuze kiti chake kuliko kiti cha Daudi. Kumwambia mfalme mzee, usoni, kwamba unaomba kiti cha mwanawe kiwe kikuu kuliko chake kunahitaji aidha ujinga au uaminifu uliozoeleka kiasi kwamba hauwezi kudhaniwa kuwa tusi. Daudi hakukasirika. Watumishi wengine walikuja baadaye kurudia dua ile ile, naye akainama kitandani pake akimhimidi Bwana. Neno Amina lilikuwa muhimu kwa sababu nyingine pia: mwenye upanga alikuwa anakiri, mbele ya mashahidi, kwamba amri aliyoipokea inahitaji kuthibitishwa na Mungu, na kwamba nguvu yake haijitoshi. Mambo ya Nyakati inamtaja Yehoyada baba yake kuwa kuhani. Ikiwa ni hivyo, Benaya alikulia katika nyumba ambayo neno hilo lilisemwa kwa uzito, na tutaona jinsi malezi hayo yalivyomrudia mbele ya madhabahu.

Gihoni na Enrogeli ni chemchemi mbili za bonde moja, la Kidroni, na umbali kati yake haufiki kilometa moja. Maandamano ya Sulemani yaliposhuka na kelele zikapanda hata nchi ikatetemeka, kama mwandishi anavyosema, wageni wa Adoniya walikuwa wanamaliza kula. Aliyeisikia tarumbeta kwanza ni Yoabu. Moyo wangu humhurumia hapa kila ninapousoma mstari huo, kwa sababu mara tatu katika kitabu cha Samweli ni Yoabu aliyepiga tarumbeta ili vita visimame: baada ya mapigano ya Gibeoni, baada ya kifo cha Absalomu, na baada ya kichwa cha mwasi Sheba kurushwa nje ya ukuta wa mji wa Abeli. Mzee huyu aliyezoea kuipuliza sasa aliuliza ni kelele za nini. Yonathani mwana wa Abiathari alipofika na kueleza, alitaja kuhani, akataja nabii, kisha akamtaja Benaya pamoja na Wakerethi na Wapelethi. Hapo karamu ikavunjika, kila mtu akaenda njia yake. Hakuna aliyejeruhiwa. Siku ile, katika mji wenye madai mawili ya kiti kimoja na wapiganaji wa pande zote mbili, damu ya mtu haikumwagika, na sioni namna nyingine ya kulieleza hilo ila kwamba kikosi chenye silaha kilichoonekana barabarani kilikuwa kimoja, na kilikuwa kimetumwa na mfalme halali.

Kama hadithi ingekomea hapo, kazi ya kumsifu Benaya ingekuwa nyepesi. Lakini kuna sura ya pili ya 1 Wafalme, na anayeandika juu ya uaminifu wake bila kuisoma sura hiyo anamdanganya msomaji. Daudi akiwa karibu kufa alimwachia Sulemani maagizo juu ya watu kadhaa, yakiwemo mawili ya kifo, la Yoabu na la Shimei. Baada ya mazishi, Adoniya alimwomba Bathsheba amwombee kwa mfalme apewe Abishagi Mshunami, msichana aliyemtunza Daudi uzeeni, awe mkewe. Huenda lilikuwa ombi la mapenzi tu. Lakini katika macho ya nyakati zile mwanamke aliyelala kifuani pa mfalme hakuwa mwanamke wa kawaida, na Absalomu alikuwa ameshaonyesha maana ya kuwachukua masuria wa baba. Sulemani alimtuma Benaya, akampiga Adoniya akafa. Abiathari alifukuzwa kwenda shambani kwake Anathothi, akaachiwa uhai kwa kuwa alilibeba sanduku mbele ya Daudi. Habari zikamfikia Yoabu, akakimbilia hema ya Bwana na kushika pembe za madhabahu.

Benaya alitumwa kumwua huko. Aliingia hemani akamwambia kwamba mfalme anamtaka atoke. Yoabu alikataa, akasema atafia pale pale. Na Benaya, mtu aliyeshuka shimoni kumfuata simba, alisita. Hakumpiga. Alirudi kwa mfalme akampa jibu la Yoabu kama lilivyosemwa. Nimetafuta katika Biblia yote maneno yaliyotoka kinywani mwa Benaya, na ni matatu tu: Amina yake mbele ya Daudi, agizo alilompelekea Yoabu kwamba atoke, na taarifa hii aliyoirudisha kwa Sulemani. Dua, ujumbe, na taarifa. Katika yote matatu anasema neno la mwingine au anaomba neno la mwingine litimie. Hakuna hata moja ambalo anatangaza matakwa yake.

Kusita huko kunafaa kuangaliwa kwa makini. Torati, katika Kutoka 21:14, inaruhusu mwuaji wa kukusudia aondolewe hata madhabahuni ili auawe. Inasema aondolewe, na Benaya alijaribu kufanya hivyo hasa alipomwamuru Yoabu atoke. Mtu asiye na hofu ya mahali patakatifu asingejisumbua kuomba hivyo, wala asingetembea mara mbili kati ya hema na ikulu wakati amri ya kwanza ilikuwa imetosha. Naona hapo mwana wa kuhani akijitokeza ndani ya vazi la askari. Sulemani alimjibu kwamba afanye kama Yoabu alivyosema, ampige na kumzika, na akataja damu ambayo hukumu hiyo ingeiondolea nyumba ya baba yake: damu ya Abneri mwana wa Neri, aliyechomwa langoni Hebroni wakati wa amani, na damu ya Amasa mwana wa Yetheri, aliyeshikwa ndevu kana kwamba anabusiwa huku upanga ukimwingia tumboni. Benaya akarudi akaifanya kazi hiyo. Yoabu akazikwa nyumbani kwake jangwani.

Hapa wasomaji hugawanyika, na mimi sitaki kukaa katikati. Wapo wanaomwona Benaya kama mkono usio na kichwa, mnyongaji wa ikulu aliyelipwa kwa cheo cha marehemu, kwa kuwa baada tu ya kifo cha Yoabu aliwekwa juu ya jeshi mahali pake. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kuuliza tena kabla ya kuua ni bora kuliko kutouliza, lakini Benaya aliuliza kama ameelewa amri, hakuuliza kama amri ni ya haki. Mwandishi wa 1 Wafalme ameacha nyufa zinazoonekana: anasema Yoabu alikimbia kwa sababu alikuwa amemfuata Adoniya, wakati hukumu inayosomwa ni ya mauaji ya miaka mingi nyuma, ambayo Daudi mwenyewe hakuyaadhibu kwa kuwa alikuwa akimhitaji aliyeyatenda. Benaya alikuwa mtu mzima siku zile zote na alijua historia hiyo. Kama ana hatia, hatia yake iko hapo, katika kukubali kwamba haki ya zamani itumike kwa kazi ya siasa ya leo.

Pamoja na hayo, naikataa picha ya mkono usio na kichwa, na sababu yangu ni Yoabu mwenyewe. Yoabu hakuwa msaliti kwa tabia. Alipouzingira Raba na kukaribia kuutwaa, alimwita Daudi aje aumalizie ili mji usiitwe kwa jina la jemadari. Alimkemea mfalme alipokuwa akimlilia Absalomu na kuwaaibisha askari waliomwokoa, na alikuwa sahihi. Aliupenda ufalme wa Daudi pengine kuliko Daudi alivyoupenda. Ila uaminifu wake ulikuwa ule unaojipa haki ya kujua zaidi kuliko bwana wake. Daudi aliagiza mbele ya watu wote kwamba Absalomu atendewe kwa upole. Yoabu akachukua vyembe vitatu akamchoma moyoni. Daudi alifanya amani na Abneri. Yoabu akaivunja kwa upanga. Daudi alimpa Amasa ujemadari. Yoabu akamwondoa Amasa barabarani. Kila mara alikuwa na sababu ambayo mtu mwenye busara angeweza kuitetea. Na katika suala la urithi alifanya yale yale aliyozoea: alimchagua mfalme kwa niaba ya mfalme. Uaminifu wa namna hiyo unaweza kushinda vita vingi, lakini hauwezi kukabidhi kiti kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa sababu siku ya makabidhiano mwenye silaha anatakiwa kuwa mtu wa mwisho kuwa na maoni.

Ndiyo maana naona kwamba sifa iliyomwokoa Sulemani katika sura ya kwanza, na sifa inayotutia mashaka katika sura ya pili, ni sifa moja. Hatuwezi kuichukua ile tuliyoipenda na kuiacha hii inayotuumiza. Msimulizi hakujaribu kuificha. Mwaka 1926 mtaalamu wa Ujerumani, Leonhard Rost, alitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya 2 Samweli pamoja na sura hizi mbili za 1 Wafalme iliwahi kuwa simulizi moja lililojibu swali la nani ataketi katika kiti cha Daudi, na baada yake wengine wameiona kuwa ni utetezi wa utawala wa Sulemani. Kama ni utetezi, ni wa ajabu kwa jinsi unavyoonyesha gharama. Mara tatu katika sura ya pili, kitenzi kile kile cha Kiebrania kinatumika Benaya anapomwangukia mtu: Adoniya, Yoabu, na mwishowe Shimei mwana wa Gera, aliyevunja sharti la kutotoka Yerusalemu alipokwenda Gathi, baada ya miaka mitatu, kuwafuata watumwa wake waliotoroka. Mfalme alimtuma mkono wa Benaya dhidi ya Adoniya, na baada ya pigo la tatu inaandikwa kwamba ufalme ukawa imara mkononi mwa Sulemani. Katika Kiebrania mkono wa kwanza na mkono wa mwisho ni neno moja, na anayesoma taratibu hawezi kukosa kuona jinsi mmoja ulivyoutengenezea mwingine njia.

Anayetaka kupima thamani ya mtu kama Benaya na asome mbele kidogo katika vitabu hivyo hivyo. Katika ufalme wa kaskazini, Zimri, akida wa nusu ya magari, alimwua mfalme Ela alipokuwa akilewa katika nyumba ya msimamizi wake, akatawala siku saba. Yehu, akida, aliuangamiza ukoo wa Ahabu. Peka mwana wa Remalia, akida wa Pekahia, alimwua bwana wake ndani ya ngome ya nyumba ya mfalme huko Samaria, yaani mahali ambapo alipaswa kumlinda. Kaskazini nasaba zilibadilika kila walipotokea wenye silaha walioamua kutosubiri. Yerusalemu nyumba ya Daudi ilidumu kwa karne nne hivi, na ilipokaribia kukatika, wakati Athalia alipoangamiza uzao wa kifalme, walinzi ndio waliomzunguka mtoto Yoashi wa miaka saba mpaka akatiwa taji. Kati ya walinzi hao wanatajwa Wakari, na katika 2 Samweli 20:23, mahali ambapo wasomaji wa Kiebrania hutamka Wakerethi, herufi zilizoandikwa zinasomeka Wakari. Utumishi ulioongozwa na Benaya, au angalau jina lake, ulikuwa bado uko kazini zaidi ya karne moja baadaye.

Baada ya orodha ya maofisa katika sura ya 4, ambapo anatajwa kwa sentensi fupi kuwa juu ya jeshi, Benaya hasikiki tena. Hakuna vita alivyovipigana akiwa jemadari ambavyo vimeandikwa, wala mji alioutwaa. Tunachokipata ni mstari mmoja katika sura ya 11, mbali kabisa na ikulu, huko Misri. Hadadi Mwedomi, aliyekuwa amekimbilia kwa Farao akiwa mtoto, wakati Yoabu alipokaa Edomu miezi sita akiwaua wanaume, alisikia kwamba Daudi amelala na baba zake na kwamba Yoabu, jemadari wa jeshi, amekufa. Aliposikia hayo mawili aliomba ruhusa arudi kwao, akawa adui wa Sulemani. Nani aliyeshika nafasi ya Yoabu, Hadadi hakuuliza. Na Kabseeli, kwao Benaya, katika orodha ya miji ya Yuda ndio unaotajwa wa kwanza kati ya ile ya kusini kabisa, upande wa mpaka wa Edomu.